Picha za mabanda yetu: Jumamosi, saa 3:00 asubuhi

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Jumamosi hii tutakutana uwanjani nyuma ya kanisa, hapa hapa Columbus, tusimamishe hema la futi 10 kwa 10 ili kila mmoja apigiwe picha ya banda lake, ambayo majaji wanaochagua washiriki wa maonyesho ya sanaa ya kiangazi huitazama pamoja na picha za kazi zenyewe.

Kwa kuwa majaji hawatakiwi kumtambua mwombaji, jina lako, bango, kadi na sura ya mtu yeyote visionekane pichani. Leteni kazi chache zinazoendana na zile mtakazotuma, kwani banda lililosheheni kama duka la jumla huchosha macho. Wenye michoro ya Tingatinga wakumbuke kwamba rangi yake hung'aa na kurudisha mwanga. Hivyo tutapiga chini ya paa jeupe, kuta za pembeni zikiwa zimeshushwa, na mawingu yakitanda itakuwa heri kwetu.

1. Mchango wa mpiga picha ni dola 15 kila mtu, ukabidhiwe kwa mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni.
2. Wenye vinyago waje na meza na kitambaa cha rangi moja kinachofika chini.
3. Nahitaji watu wawili wa kusimamisha hema kuanzia saa 2:00.

Tafadhali thibitisha hapa kabla ya kesho saa 2:00 usiku, ukitaja aina ya kazi zako, ili nipange zamu. Atakayechelewa zamu yake atasogezwa mwisho, hata akiwa mwenyekiti.

Asanteni sana.