Kitabu cha Hisabati kiende nyumbani, mwalimu asahihishe darasani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala ambao hapa Mwanza huibuka kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa: je, kijana aliyepata F ya Hisabati arudishwe darasani, au anunuliwe kitabu, atulie nyumbani asome mwenyewe na kusajiliwa kama mtahiniwa wa kujitegemea? Wazazi wa Igoma na Nyakato wameniuliza, wachuuzi wa dagaa wa Kirumba wameniuliza, na vijana wenyewe huniuliza wakiwa wamekwisha kukata shauri. Mimi hufundisha Hisabati jioni kwa wanaorisiti na kwa wanaojiandaa na Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, unaompa asiyepitia sekondari sifa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne, kwa hiyo hukutana na waliokaa darasani miaka minne na pia waliosoma peke yao. Ninachokiamini ni kwamba kitabu kinaweza kumfundisha mtu Hisabati kuliko wengi wetu tunavyodhani, lakini hakiwezi kumsahihisha. Na shule zetu zinatumia saa nyingi kufanya kazi ambayo kitabu kingeifanya vizuri zaidi, huku ile ambayo kitabu hakiiwezi ikikosa mtu wa kuifanya.

Nianze na kitabu, maana ndicho kinachodharauliwa. Ukurasa mmoja wa aljebra unaweza kumchukua msomaji makini jioni nzima, na hiyo si dalili ya uzito wa kichwa. Msomaji hodari hukaa na kalamu mkononi. Akifika kwenye mfano, husoma swali, hufunika suluhisho kwa karatasi, hulitafuta mwenyewe, kisha hufunua mstari mmoja mmoja akilinganisha. Akikutana na kanuni, huijaribu kwa namba aone kama itasimama. Chukua kosa ambalo kila mwalimu wa Hisabati analijua, la kuandika kwamba mraba wa a + b ni mraba wa a kujumlisha mraba wa b. Mwanafunzi anaweza kukanywa mara nyingi na bado akalirudia kwenye mtihani. Lakini yule aliyeweka 3 na 4 kwa mkono wake, akaona kwamba 7 mara 7 ni 49 ilhali 9 na 16 ni 25 tu, kisha akachora mraba wenye upande wa 7 na kuikuta mistatili miwili ya 3 kwa 4 ambayo ndiyo ile 24 iliyopotea, huyo hahitaji kukumbushwa tena. Kazi hiyo yote inataka utulivu, muda, na uhuru wa kurudia ukurasa uleule bila kumchelewesha mwenzako wala kuona haya.

Darasani uhuru huo ni mgumu kupatikana. Kipindi cha sekondari ni dakika 40. Darasa likiwa na wanafunzi 60, na yapo yanayozidi hapo, kila mmoja angepata sekunde 40, hata kama mwalimu asingetumia sekunde moja kuita mahudhurio au kufuta ubao. Ada ilipoondolewa kuanzia Januari 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, watoto wengi ambao wangeishia mwaloni au shambani walipata dawati, na hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, walimu wa Hisabati ni wachache, serikali yenyewe imelisema hilo mara nyingi, na mtoto mwenye swali la pili hana pa kulipeleka.

Pamoja na hayo, siwashauri wazazi wamtoe mtoto shuleni, na sababu yangu naweza kuieleza kwa mfano mmoja. Alikuja kwetu kijana anayebeba barafu ya samaki, ambaye alikuwa amesoma peke yake sura nzima ya milinganyo ya kipeo cha pili, na daftari lake lilikuwa safi kuliko madaftari mengi ya wanafunzi wa shule. Swali moja lilimtaka atafute x ikiwa x² − 5x + 6 = 2. Aliandika upande wa kushoto kuwa (x − 2)(x − 3), jambo ambalo ni sahihi, kisha akasema ama x − 2 = 2 au x − 3 = 2, akapata 4 na 5. Majibu yaliyokuwa nyuma ya kitabu ni 1 na 4. Kwa kuwa ile 4 ilikuwemo, aliamini kwamba njia yake ni nzuri na kwamba mchapaji ndiye aliyekosea pale palipostahili 5, akaendelea na njia hiyohiyo kwenye maswali yote yaliyofuata.

Ukweli ni kwamba hatua ile ya kutenganisha mabano mawili inafaa pale tu zao lake linapokuwa sifuri, kwa sababu namba mbili haziwezi kuzidishwa zikatoa sifuri bila mojawapo kuwa sifuri. Mbili haina sifa hiyo: inapatikana kwa 1 mara 2, kwa nusu mara 4, na kwa njia nyingine zisizohesabika. Ilimpasa kwanza atoe 2 pande zote mbili abaki na x² − 5x + 4 = 0, ndipo atafute mabano yake. Kitabu chake kilikuwa kimeyaeleza hayo bila dosari, naye alikuwa ameyasoma. Alichokosa ni mtu wa kulitazama daftari na kuweka kidole kwenye mstari wa pili. Tulipomwambia aweke 5 kwenye mlinganyo wa mwanzo, akapata 6 badala ya 2, alinyamaza muda mrefu kisha akaomba kurudia sura yote.

Kosa la namna hii ndilo linalonitia hofu kwa wanaosoma peke yao, kwa sababu halimuumi aliyelifanya. Anayeshindwa swali hujua kwamba ameshindwa na hutafuta msaada. Anayelipata nusu kwa bahati hujenga nyumba nzima juu yake.

Sasa tulitazame darasa. Katika shule nyingi ninazozifahamu kuanzia Ilemela hadi Magu, somo la Hisabati huenda hivi: mwalimu anaandika ubaoni mfano uliomo kitabuni, wanafunzi wanaunakili, anaandika wa pili, wanaunakili, kisha anatoa zoezi la kufanyia nyumbani, lakini kitabu chenyewe kinabaki kabatini ofisini. Huko ni kukisoma kitabu kwa kasi ya chaki, na wala si kosa la mwalimu peke yake, kwa maana hana namna nyingine ikiwa vitabu havitoki. Naelewa hofu ya wakuu wa shule, kwani kitabu kikipotea wao ndio wanaohojiwa. Lakini kitabu kilichotunzwa kabatini hadi mtaala ukabadilika nacho kimepotea.

Darasa lingeweza kufanya kitu ambacho ukurasa hauwezi. Ipo mada ya Dunia kama tufe, ambayo kwa miaka mingi imefundishwa kidato cha tatu na ambayo watahiniwa wengi huikimbia. Mwalimu wa Mwanza anaweza kuwaonyesha wanafunzi ziwa na kuwauliza ni umbali gani hadi Entebbe, mji ulio karibu moja kwa moja kaskazini yetu. Sisi tuko kama nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, Entebbe iko karibu juu ya ikweta yenyewe, na kila nyuzi moja ya kwenda kaskazini au kusini ni takriban kilomita 111. Basi jibu linakaribia kilomita 280. Kisha awaulize kwa nini hesabu hiyohiyo itawadanganya wakipima kuelekea mashariki au magharibi katika nchi iliyo mbali na ikweta, na anyamaze awaache wabishane. Atakayesema kwamba nyuzi za huko ni fupi atatakiwa kueleza kwa nini, mwingine atampinga, na katika ubishi huo mwalimu atasikia nani ameelewa na nani amekariri.

Wapo wanaonijibu kwa kumtaja Ramanujan, yule Mhindi aliyezaliwa mwaka 1887 na kujifunza Hisabati ya juu kutoka kitabu kimoja kilichojaa maelfu ya kanuni na uthibitisho kidogo sana. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba alishindwa mitihani ya chuo kwa kuyatelekeza masomo mengine, na kwamba kwa kuwa kitabu kile hakikumwonyesha uthibitisho, kwa muda mrefu yeye mwenyewe hakuona vizuri haja ya kuthibitisha. Mwaka 1913 alimwandikia barua mwanahisabati Hardy wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akiambatanisha kanuni zake, na mwaka 1914 akavuka bahari kwenda kufanya kazi naye. Hata mtu mwenye kipaji kile alihitaji jicho la mwingine juu ya karatasi zake. Mtoto wa Mabatini anayetafuta D ya Hisabati analihitaji zaidi.

Kwa wale ambao hawana darasa la kwenda, upo msaada ambao hautumiki ipasavyo. Baraza la Mitihani la Tanzania huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zikiwa na picha za majibu halisi yaliyoandikwa na watahiniwa, mazuri na mabaya, pamoja na maelezo ya walipokosea. Zinapatikana bure katika tovuti ya Baraza. Anayesoma peke yake akizipitia huku akilinganisha na daftari lake ataona makosa yake katika mwandiko wa mtu mwingine, na hakuna kitabu cha kiada kinachompa hilo. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeweka vitabu vyake vya kiada mtandaoni. Tatizo ni kwamba vitabu vya Hisabati vya sekondari na taarifa hizo vimeandikwa kwa Kiingereza, wakati wengi wa vijana wetu walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Kwa hiyo msomaji wa peke yake hupigana vita viwili kwa wakati mmoja, ilhali wa darasani walau ana mwalimu wa kumfafanulia.

Nawafikiria hasa vijana wa visiwani, wa Ukara na Kome, ambao wengine huacha shule kwa sababu ya umbali au kwa sababu kambi ya uvuvi imehama, na wasichana waliojifungua ambao tangu mwishoni mwa mwaka 2021 wana ruhusa ya kurudi shuleni lakini wapo wasioweza kumwacha mtoto mchanga kutwa nzima. Kuwaambia hawa waje darasani kila siku ni kuwaambia wasisome. Kuwaachia kitabu na kuondoka ni kuwaacha na ile 4 ya kijana wa barafu. Wanaweza kusoma wenyewe wiki nzima, mradi siku moja awepo mtu mwenye kalamu nyekundu.

Naomba basi bodi za shule za sekondari za mkoa wetu ziamue mambo mawili katika vikao vyao vijavyo. La kwanza, kitabu cha Hisabati kitoke kabatini na kwenda nyumbani na mwanafunzi, mzazi akisaini kukirudisha au kukilipia. La pili, kila kata ifungue chumba kimoja cha darasa asubuhi ya Jumamosi, ambapo yeyote anayesoma Hisabati, awe wa shule au wa kujitegemea, ataleta daftari lake likasahihishwe mbele yake. Tupo walimu wa jioni na wastaafu tulio tayari kukaa hapo bila malipo. Tunachohitaji ni ufunguo wa chumba na ubao.

Mwalimu wa jioni,
Mabatini, Mwanza