Picha za Beit al-Ajaib kwa albamu yetu

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja mlioko nyumbani na ughaibuni.

Nilipouliza wiki iliyopita ni jengo gani linalowarudisha mjini mkifumba macho, wengi mlijibu Beit al-Ajaib, nami sikushangaa, kwa kuwa jumba hilo lililojengwa mwaka 1883 zama za Sultani Barghash ndilo lililokuwa likitupokea kila tuliporudi kwa boti, mnara wake wa saa ukionekana kabla hata ya bandari. Tarehe 25 Desemba 2020 mnara huo uliporomoka pamoja na sehemu ya mbele ya jengo, na watu wawili wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Kwa hiyo naomba kila mwenye picha ya kabla ya siku hiyo ailete hapa, hata iliyofifia, akitaja mwaka na waliomo. Mimi ninayo moja: mama yangu amesimama kando ya mzinga wa shaba wa Kireno mlangoni, kiganja chake juu ya shaba iliyong'aa kwa kupapaswa na watoto. Natamani hasa picha za baraza za juu, kwani hizo ni chache. Mwisho wa kupokea ni Jumapili, baada ya Magharibi.