Maumivu ya goti yameisha baada ya oparesheni, lakini gegedu bado halijakomaa

Kuna simu tunapigiwa sana hapa kliniki. Mtu kafanyiwa oparesheni ya gegedu la goti, mwezi wa kwanza na wa pili anakuja mazoezi vizuri kabisa, wa tatu akiona haumwi tena anapotea, halafu siku anapiga anasema goti limevimba na kumbe alishaanza kukimbia. Hatumlaumu, maana mara nyingi hakuna aliyemkalisha chini akamweleza mle ndani ya goti kunaendelea nini.

Gegedu ni lile tabaka jeupe linaloteleza, limefunika ncha za mifupa ndani ya jointi. Kwenye goti unene wake ni kama milimita 2 hadi 4 tu. Halina mishipa ya damu na halina mishipa ya fahamu, na ukishaelewa hayo mawili mengine yote yanafuata. Ngozi ikikatika damu inakuja, inaganda, seli za kuziba kidonda zinafika na kazi inaanza, ila gegedu likichubuka juu juu hakuna damu inayofika pale, na seli zake lenyewe ni chache halafu zimefungiwa ndani ya tishu ngumu, haziwezi kuhama kwenda kuziba shimo. Daktari Mskoti William Hunter aliandika huko London mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halirudi, na kwa gegedu la asili bado maneno yake yanasimama. Chakula chake linapata kwenye ute wa jointi, ukikanyaga linaminywa na ukiachia linanyonya kama sponji, ndo maana kulala tu kitandani wiki baada ya wiki hakulisaidii.

Sasa oparesheni inafanya nini? Shimo likifika mpaka kwenye mfupa mambo yanabadilika kwa sababu mfupa una damu na uboho. Kwahiyo daktari anasafisha kingo za shimo, anatoboa vitundu vidogo kwenye mfupa, damu inatoka inaganda na polepole tishu mpya inajaa. Njia hii Richard Steadman wa Marekani ndo aliyeieneza kuanzia miaka ya 1980. Ila kinachoota pale ni gegedu la kovu, lina nyuzi nyingi, kolajeni yake (protini inayojenga nyuzi hizo) kubwa ni ya aina ya 1 wakati gegedu la asili lina aina ya 2, na halivumilii mzigo kama lile la mwanzo. Shimo likiwa dogo, chini ya sentimita 2 za mraba, miaka ya mwanzo wengi wanaendelea vizuri, halafu kati ya mwaka wa pili na wa tano wapo wanaoanza kurudi nyuma.

Kwa shimo kubwa zaidi kuna kuotesha seli: wanachukua kipande kidogo cha gegedu lako, seli zinakuzwa maabara wiki kadhaa, zinarudishwa kwenye shimo, yaani unaingia theatre mara mbili. Madaktari wa Gothenburg, Sweden, walichapisha matokeo ya wagonjwa 23 mwaka 1994 na ndo njia hii ikajulikana duniani. Pia kuna kuhamisha vipande vya gegedu vikiwa na mfupa wake kutoka sehemu ya goti isiyobeba sana, hapo angalau mfupa unaunga na mfupa, kazi ambayo mwili unaiweza.

Tunasema wazi, hizi zote ni za shimo lenye mipaka, sio za goti lililosagika lote. Na lile la kuingiza kamera "kusafisha" goti lililosagika, utafiti wa Houston, Marekani, wa mwaka 2002 uliwafuatilia watu 180, baadhi yao walichanjwa ngozi tu bila kusafishwa chochote, na maumivu yao yalikuwa sawa na ya waliosafishwa. Kwahiyo muulize daktari wako vizuri kabla hujalipia. Muulize pia kuhusu mguu wenyewe, maana kama una matege au kano la ndani ya goti limekatika na hakuna aliyelirekebisha, tishu mpya itaumizwa pale pale ile ya zamani ilipoumia.

Turudi kwenye maumivu. Gegedu halina mishipa ya fahamu, sasa ulikuwa unaumwa nini? Mfupa wa chini yake na utando wa jointi. Utando ukipoa unajisikia umepona, na wakati huo huo tishu ya mwezi wa tatu bado ni laini. Kukomaa kwake kunafika mwaka, na kwa seli zilizooteshwa kunaendelea hata baada ya mwaka na nusu, ndo maana michezo ya kuruka na kukimbia inasubiri hivyo.

Sisi tunaangalia uvimbe kuliko maumivu. Kaa umenyoosha mguu, usikaze paja, pangusa kwa kiganja upande wa ndani wa goti kupandisha juu, halafu pangusa upande wa nje kushuka chini, uangalie pale upande wa ndani. Ukiona wimbi dogo la maji linarudi, jointi ina maji na mazoezi ya jana yalizidi, punguza hata kama huumwi kabisa.

Ukija kwetu tafadhali njoo na ripoti ya oparesheni, sio picha za MRI peke yake. Tunatafuta ukubwa wa shimo na mahali lilipo. Kama liko sehemu inayobeba uzito ukisimama, utakaa na magongo kama wiki 6 hadi 8 lakini kukunja goti tunaanza mapema, na kama liko nyuma ya pia ya goti (kile kifupa cha mbele) unaweza kuruhusiwa kukanyaga mapema mguu ukiwa umenyooka, ila kukunja ndo tunakuwekea kikomo. Aliyekuoparesheni ndo anajua aliona nini mle ndani, kama ripoti hukupewa iombe.