Barua kutoka Wageningen: majina ya chakula cha mifugo

Wageningen, Uholanzi

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote walioko nyumbani. Sisi huku tu wazima, isipokuwa baridi ndiyo inayotusumbua. Nimepokea barua yako pamoja na kurasa za ule mwongozo wa kulisha ng'ombe wa maziwa ambao chama chenu cha ushirika kimekuomba uutafsiri, na nimeona umeweka alama ya kuuliza kando ya karibu kila jina la chakula, liwe la Kiholanzi au la Kiingereza. Umeuliza kwanza kama "voer", "fodder" na "feed" ni kitu kimoja. Kwa asili maneno hayo ni ya ukoo mmoja, lakini kwa matumizi ya leo yameachana, na atakayeyatafsiri kwa kutazama sura zake atamletea mfugaji hasara.

Mholanzi huita "voer", au "voeder", chochote anacholishwa mnyama: majani ya ng'ombe, mchanganyiko wa kuku, hata chakula cha samaki. Mwingereza akisema "fodder" siku hizi huwa anakusudia majani, mabua na mazao mengine yanayokatwa na kupelekewa mifugo, ilhali vyakula vya gunia huviita "feed". Kwa hiyo "veevoer" iandike "chakula cha mifugo", na "fodder" iandike "malisho".

Mwongozo wako wote umesimama juu ya maneno mawili, "ruwvoer" na "krachtvoer". La kwanza ni vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, ambavyo hulijaza tumbo la ng'ombe na kumfanya acheue. Waingereza huviita "roughage" au "forage". La pili ukilivunja vipande utapata "chakula cha nguvu", na wafugaji wetu watadhani ni dawa. Ni chakula cha ziada chenye nishati na protini nyingi katika ujazo mdogo, ambacho ng'ombe hupewa kulingana na maziwa anayotoa. Kiingereza chake ni "concentrate", na hapo uwe macho, kwa sababu madukani kwetu gunia lenye neno hilo mara nyingi ni la kuku au nguruwe, nalo ni mchanganyiko mkali wa protini ambao ni lazima uchanganywe na mahindi na pumba kabla ya kulishwa. "Krachtvoer" ya ng'ombe huku kwa kawaida hutoka kiwandani ikiwa vidonge vinene, viitwavyo "brok", na ng'ombe huvila vilivyo.

Katika "kuilvoer", neno "kuil" maana yake ni shimo, lakini usiandike majani ya shimo. Andika sileji, ambayo wafugaji wenu wanaijua. Tena siku hizi mashimo ni machache. Majani hukatwa, huachwa yanyauke kidogo shambani, kisha hurundikwa juu ya sakafu ya zege na kushindiliwa kwa trekta mpaka hewa itoke, halafu hufunikwa kwa plastiki iliyokandamizwa kwa matairi ya zamani au mchanga. Humo ndani bakteria hugeuza sukari ya majani kuwa asidi ya laktiki, na rundo likifunguliwa wakati wa baridi hutoa harufu ya uchachu ambayo ng'ombe huipenda kuliko mimi. "Hooi" na "stro" nazo umezitafsiri zote mbili kuwa majani makavu. Zitenganishe: ya kwanza ni nyasi zilizokaushwa zikiwa bado na lishe, ya pili ni mabua ya ngano au shayiri yaliyobaki baada ya kupura, ambayo zaidi hutandikwa chini ng'ombe alalie.

Neno lililokushinda kabisa, "sojaschroot", silo la kulaumiwa mtu, maana kamusi ya kawaida itakuambia kwamba "schroot" ni vyuma chakavu. Kwenye chakula cha mifugo, "schroot" ni mashudu yaliyobaki baada ya mafuta kuyeyushwa kwa kemikali, hasa heksani, na mafuta yanayosalia humo ni kidogo sana. Yale yaliyokamuliwa kwa mashine bila kemikali huitwa "schilfers". Waingereza nao huyatenga, la kwanza "meal" na la pili "cake" au "expeller", na hiyo "meal" usiigeuze kuwa unga wa soya, kwani unga wa soya nzima bado una mafuta yake yote. Kiswahili chetu kina mashudu tu kwa yote mawili, na ningekushauri uongeze maelezo kila mara: mashudu yaliyotolewa mafuta kwa kemikali, mashudu ya kukamuliwa. Mashudu ya alizeti yanayotoka kwenye mashine ndogo za Singida yana mafuta mengi, na mafuta yakizidi huvuruga usagaji wa nyuzinyuzi tumboni mwa ng'ombe, mbali na kwamba mashudu yenyewe huvunda upesi. Mfugaji akiambiwa "mashudu kilo 2" bila kuelezwa ni yapi, atatumia yaliyo karibu naye.

"Bierbostel", au "brewers' grains" kwa Kiingereza, ni machicha ya bia, wala si nafaka.

Kwenye lebo zinazoshonwa mdomoni mwa gunia utakuta "volledig diervoeder" au "aanvullend diervoeder". Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 767 ya mwaka 2009 inataka aina hiyo itajwe. La kwanza ni chakula kinachojitosheleza kwa siku nzima, la pili ni cha kujazia kingine, na mnyama akilishwa hicho peke yake atadhurika.

Mwisho, herufi "ds" zilizojaa kwenye majedwali ni ufupisho wa "droge stof", yaani uzito wa chakula ukiondoa maji. Jedwali likisema kilo 10 za ds za sileji, na sileji hiyo ina ds asilimia 40, ng'ombe anapaswa kuwekewa kilo 25. Tafadhali yatolee jambo hili maelezo kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, kabla ya jedwali lolote, kisha unitumie kurasa za ndama ukizimaliza.

Wasalimie wote hapo.

Rafiki yako wa siku zote