Mfiwa apewe chai, asiulizwe

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa misemo ya kutia moyo huwa naufungua kabla ya habari, na siandiki ili muuondoe. Naomba kila msemo muupatie mwenzake: shauri moja la adabu za zamani.

Mama yangu alipofariki, simu yangu ilijaa misemo. Mshumaa unawaka, jua linatua, na chini yake maneno ya mwanafalsafa fulani. Mmoja ulinifikia mara tatu siku moja, kila mara na jina jingine la msemaji. Nilishukuru, maana kila aliyetuma alikuwa amenikumbuka. Lakini kilichonishika mkono hasa ni barua ya mistari saba, imeandikwa kwa kalamu, kutoka kwa bibi mmoja aliyewahi kufanya kazi na mama. Hakugusa maana ya kifo. Alimtaja mama kwa jina, akasimulia jinsi mama alivyokuwa akimwachia yeye kiti cha dirishani kila asubuhi kwa kuwa alijua macho ya mwenzake huyo hayaoni vizuri. Mimi mwanawe jambo hilo sikuwa nalijua. Barua ninayo hadi leo.

Bibi yule alikuwa ameshika kanuni ya zamani: rambirambi iwe fupi, imtaje marehemu, isimhubirie mfiwa. Emily Post wa Marekani, katika kitabu chake cha adabu cha mwaka 1922, alishauri kwamba wafiwa wakirudi kutoka mazikoni waletewe chai ya moto au supu kidogo bila kuulizwa kama wanataka. Mwenye majonzi hana hamu ya kula, lakini akikabidhiwa atapokea. Shauri hilo halina madoido. Aliyeliandika alimtazama mfiwa kwa makini, akaona kwamba hata swali la huruma ni mzigo kwake.

George Washington, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Marekani, angali kijana mdogo, alinakili kwa mkono wake kanuni 110 za namna hiyo. Zipo za kutoua viroboto mbele za watu, hizo tuziache. Ila ya 44 inasema mtu akijitahidi kadiri awezavyo na jambo lisifanikiwe vizuri, asilaumiwe. Wangapi kazini wanaisubiri kauli hiyo kutoka kwa mkubwa wao! Mambo ya uma upi ukae wapi mezani sina haja nayo. Mara nyingi yamemwaibisha mgeni bure.

Na kwa kuwa nataja adabu, nina ombi la pili. Hivi karibuni mlichapa ule msemo wa mtu asiyekubaliana na maneno ya mwenzake lakini yuko tayari kutetea hadi kufa haki yake ya kuyasema, mkaandika ni wa Voltaire, mwanafalsafa wa Ufaransa. Voltaire alifariki 1778. Maneno hayo yaliandikwa na Evelyn Beatrice Hall, Mwingereza, mwaka 1906, katika kitabu alichotunga kuhusu Voltaire na rafiki zake. Mama huyo naye apewe haki yake.

Mistari mitatu chini ya msemo inatosha. Ningefurahi mkianza na ile chai.

Msomaji wenu wa kila siku