Kabla ya kununua motere ingine, muangalieni kwanza ile munayo

Bwana Mhariri,

Salamu kutoka Kadutu. Nimesoma barua ya ule ndugu anayelalamika kwamba Corolla yake haipandi tena na fundi amemwambia atafute motere ya okazioni (iliyotumika), mi nikasema hii siwezi kunyamazia, ju mambo hayohayo yalinipata mwaka uliopita na ilibaki kidogo nitoe minervali (karo) ya watoto nimpe muuza piesi.

Niko na Corolla ya 1993, motere 4A-FE, ile ya 1.6, nafanya nayo taksi hapa mjini na mara mojamoja nashuka Kamanyola. Ilifika mahali kupanda mlima wa Ngomo na abiria wanne ni vitesi (gia) ya kwanza tu, lori la saruji linanipita, watoto wa barabarani wanacheka.

Kuna kitu mafundi wengi hawatuambii. Bukavu tuko juu, ziwa lenyewe liko mita 1,460 na sisi tunakaa juu ya ziwa. Hewa ya huku ni nyepesi, inapungua kama asilimia 15 ukilinganisha na ya Mombasa ama Dar es Salaam pale magari yetu yanaposhukia kwenye meli, na motere isiyo na turbo inakula tu hewa inayoikuta. Kwa hiyo ile nguvu ya farasi mia na kitu iliyoandikwa kwenye kitabu, huku inabaki karibu 90, hata motere ikiwa mpya kabisa. Shemeji yangu wa Uvira anajigamba gari lake linakimbia kuliko langu, sawa, yeye yuko chini karibu mita 700 kuliko sisi, aje apande huku tuone.

Na hapo ndo fundi wangu wa kwanza aliniumiza. Alipima kompresioni, ile presha ya hewa ndani ya kila silinda, kwa kilo, akapata 11, 11, kumi na nusu, 11. Akafungua kitabu, kinasema 13 na nusu. Akatikisa kichwa, "Papa, segma zimekwisha, hii motere imekufa." Segma ni zile pete za pistoni. Nikaamini! Kumbe kitabu kinahesabu hewa ya pwani, piga ile 13 na nusu utoe asilimia 15 utaona inabaki kama 11 na nusu, maana yake motere yangu ilikuwa nzima. Ya kuangalia zaidi ni kama silinda moja imeachana sana na zingine. Ikiachana, mimina kijiko cha mafuta ya motere pale kwenye tundu la bugi (plagi) upime tena: ikipanda, ni segma, isipopanda, ni supapu (valvu). Na wakati wa kupima bugi zote zinatolewa, batri iwe na nguvu na mguu ukanyage akselerateri mpaka chini, la sivyo hewa haiingii na namba inadanganya. Yule fundi wangu hakukanyaga kitu.

Fundi wa pili, mzee mmoja hana hata kibao mlangoni, hakufungua motere. Alimwambia mtoto wake aingie akanyage mpaka mwisho, yeye akatazama ile kamba ya akselerateri. Imelegea. Mguu uko chini kabisa lakini kipepeo cha hewa kinafunguka kama robo tatu tu, na chini ya pedali kulikuwa kapeti mbili, moja juu ya ingine, nilizoweka mimi mwenyewe ju ya matope. Alikaza nati mbili, akatupa kapeti moja. Bei: soda. Nilipanda kutoka Major Vangu nikacheka peke yangu kama mwenda wazimu.

Halafu akauliza termostati, ile valvu ya maji ya motere, iko wapi. Haiko, waliitoa zamani, eti gari lisichemke. Bandugu, hii tabia ya kutoa termostati inatuua. Motere ya injeksioni ikibaki baridi, kompyuta inafikiri ndo imewashwa sasa hivi asubuhi, inazidi kumwaga esansi (petroli), gari linakunywa na nguvu hakuna. Kama linachemka, osha radiateri ama angalia kifuniko chake, lakini termostati irudi.

Kosa lingine lilikuwa langu mwenyewe, na nilililipia dola 25. Ile filtri ya konu, nyekundu, nzuri kwa macho. Nilitoa sanduku la hewa la Toyota nikaweka konu, sauti ikawa ya kiume kweli, lakini inavuta hewa ya moto inayotoka juu ya radiateri. Hewa ikiwa na joto la digrii 60 badala ya 25, uzito wake umepungua tena asilimia 10, na sisi tayari mlima umetuibia 15! Nilirudisha sanduku la zamani na bomba lake linalochungulia nje mbele, na filtri ya karatasi ya kawaida. Wakati wa jua na vumbi la njia ya Kavumu naipiga hewa kila wiki, kutoka ndani kwenda nje.

Alimaji, yaani wakati wa bugi kupiga cheche. Kwenye 4A-FE unaunganisha TE1 na E1, matundu mawili ya kisanduku cha kupimia, kwa kiwaya, unapiga taa ya alimaji, inatakiwa digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Yangu ilikuwa 4, mtu aligusa delko (ile inayogawa moto kwa bugi) akaiacha hivyo. Huku juu motere haigongi haraka ju presha ya ndani ni ndogo, kwa hiyo mzee aliweka 12, lakini alinionya, ukinunua esansi kwa bakadhafi, wale wauzaji wa kando ya barabara, na ukasikia motere inalia kama misumari ndani ya kopo wakati wa kupanda, rudisha 10. Ile mistari ya alama ya kamba ya distribisyo, ule mkanda unaozungusha shafti ya supapu, nayo iangaliwe, meno moja ikiruka motere hii haivunjiki, inabaki inatembea tu bila nguvu, unaweza kukaa mwaka hujui.

Eshapma (bomba la moshi) iliyoziba na freno (breki) zinazokamata, hizo kila mtu anajua. Na wale wanaouza kachipu ka kuongeza nguvu, ka kuchomeka chini ya dashibodi: Corolla ya 1993 haina hata tundu la kukachomeka, nilimuuliza muuzaji akachomeke wapi, akaniambia kwenye alimeti (kiwashio) ya sigara.

Kama kweli motere imekufa, ndugu yangu, usinunue 4A ingine. Tafuta 7A-FE ya 1.8, ni za tumbo moja na 4A, na ujazo wake unazidi kama asilimia 11, sehemu kubwa ya ile mlima ulitunyang'anya. Lakini chukua na waya zake na kompyuta yake, na upime kompresioni kabla ya kulipa, mguu chini.

Mwenye kibao cha "tunapima kompresioni" hapa Bukavu aandike chini yake na urefu wa mji kutoka usawa wa bahari, tutamwelewa.

Msomaji wenu, dereva wa taksi,
Kadutu, Bukavu