Kwa mabinti wa kidato cha nne: andikeni mlichokiona

Wajukuu zangu, hamjambo?

Naandika mapema kwa sababu siku ya maombi ya kuwaombea watahiniwa sitapata nafasi. Tangu mwaka 2016, wizara ilipopiga marufuku maombi na wageni shuleni katika muhula wa tatu, mambo yote yamesongamana kwenye muhula huu wa pili, na mwalimu mstaafu wa kilimo kama mimi hutengewa dakika tano kati ya askofu na mheshimiwa mbunge. Mheshimiwa naye akishika maikrofoni, mnamjua.

Shamba la shule yenu limepakana na boma langu, kwa hivyo ninaona mengi kupitia ua. Juzi ilinyesha mvua ya mawe, ile yetu ya Kakamega ya saa tisa alasiri, ikachanachana kabichi zenu hadi mengine ya majani yakabaki mishipa mitupu. Kesho yake nikamsikia binti mmoja akimwomba mwenzake daftari la mradi akopi. Kabichi zake zilikuwa zimekwisha, lakini daftarini alitaka ziendelee kunenepa hadi siku ya mavuno.

Wengi wenu mnadhani KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, inawangoja Novemba. Mwanafunzi wa kilimo tayari yumo ndani ya karatasi 443/3, ambayo ndiyo mradi wenyewe, na wa kompyuta yumo ndani ya mradi wake, 451/3. Hakuna kengele wala msimamizi, ndiyo maana watu wanaichezea.

Nimesahihisha madaftari ya miradi kwa miaka mingi. Lililopikwa hujulikana hata kabla ya kusomwa: kazi ya miezi, lakini kalamu ni moja, wino mmoja, na hakuna hata doa la udongo pembeni. Ukianza kusoma ndipo unacheka. Mmoja alipandikiza kabichi akavuna baada ya wiki tano. Kabichi gani hiyo, wakati hizi zetu hukaa shambani karibu miezi mitatu? Mwingine alinyunyiza dawa ya wadudu asubuhi, mchana akarekodi mvua kubwa, na hakujiuliza hata mara moja dawa ile ilikwenda wapi.

Wewe ambaye mvua imekupiga, fanya hivi. Mwite mwalimu siku hiyo hiyo aone kwa macho yake, maana ndiye anayekupa alama. Hesabu miche iliyosimama na iliyoharibika, uandike zote mbili. Andika uling'oa mingapi, ukarudishia kutoka kitaluni au hukurudishia, na kwa nini. Hasara iliyoandikwa vizuri ni kilimo. Viwavijeshi vamizi vilipoingia huku magharibi mwaka 2017, wengi walidhani ni wale viwavi wa siku zote. Aliyeinama akakiangalia kiwavi kichwani, akaona ile alama ya Y iliyopinduliwa, ndiye aliyejua kwamba huyu ni mgeni. Ukizoea kuandika shamba ambalo halipo, siku mgeni kama huyo akiingia kwako hutamwona.

Wa kompyuta nanyi msijifiche nyuma ya kabichi. Kule mjini kuna vijana wa saiba, vile vibanda vya intaneti, wanaouza mradi ukiwa tayari. Wanabadilisha jina la mwanafunzi tu. Nauli ya mama yako inakwenda hapo, na wewe unarudi na kitu usichojua hata nywila yake. Mwalimu akikuuliza jedwali hili limeunganishwa vipi na lile, utatazama dari. Halafu karatasi ya pili inakuja, uko peke yako mbele ya mashine, unaambiwa uunde hifadhidata. Kijana wa saiba hayupo. Afadhali mradi wenye fomu mbili zinazofanya kazi ulizozitengeneza wewe kuliko wenye rangi kumi.

Ugonjwa ni huo huo maabara. Kwenye taitresheni, lile jaribio la kemia la kudondosha kimiminika hadi rangi ibadilike, bureti, ule mrija wenye vipimo, inakupa 24.6, mara ya pili 25.3. Umefundishwa kwamba vipimo vya kutafutia wastani visipishane zaidi ya 0.2, basi unajaza 24.6 mara tatu na bureti huigusi tena. Huenda hiyo 24.6 ndiyo iliyokosewa! Kipimo chako kinalinganishwa na kile alichopata mwalimu wenu kwa kemikali hizo hizo. Suuza, jaza upya, rudia polepole, na tone la mwisho lihesabu kwa jicho. Muda upo kwa anayeanza mara moja badala ya kuchungulia meza ya jirani.

Karatasi za mtihani za kununuliwa Telegram sitazizungumzia sana. Nyingi ni za uongo, na ikitokea moja ya kweli, matokeo yako yanafutwa, na wenzako wasio na hatia wanabaki wakihojiwa.

Kuhusu usiku: nasikia bado mnatia miguu kwenye beseni la maji baridi ili msisinzie. Acheni. Kilichosomwa hukaa kichwani mtu akilala, na saa tisa ya usiku unasoma ukurasa mmoja mara nne. Na walimu wakuu mnisamehe, lakini shule inayowaamsha watoto saa kumi alfajiri kwa ajili ya wastani wa kaunti, sioni inapata nini.

Akina mama, neno moja kwenu. Nyinyi mlio na wadogo huko sekondari msingi, kwenye mtaala mpya, mnakesha mkikata manila na kubandika miradi yao. Mwacheni mtoto abandike upande. Hawa wa kidato cha nne wamo katika makundi ya mwisho ya 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa elimu, kwani KCSE iliyoanza mwaka 1989 inatarajiwa kufikia kikomo mwaka 2027. Kwa wadogo wao wa mtaala mpya, miradi ndiyo kwanza inaongezeka.

Sasa, wenye kabichi zilizopigwa: bado kuna muda wa kufanya jambo kabla ya likizo ya Agosti. Nina samadi iliyooza vizuri nyuma ya zizi. Ombeni ruhusa kwa mwalimu wa zamu, mje Jumamosi na wilibaro. Na mje na madaftari, niyaone kabla hamjayapeleka popote.

Ni mimi Kukhu wenu, jirani wa shamba